Kulanti ya gari: soma maandishi, usifuate rangi

Ndugu msikilizaji, makala hii imetokana na ujumbe tulioupata kwenye simu ya studio. Msikilizaji wetu mmoja wa Njombe alikuwa akirudi kutoka Morogoro na Noah yake imejaa mzigo. Alipofika katikati ya mlima Kitonga, mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka mbele, gari likazima. Akasubiri kidogo, akajaza maji ya mtoni, akaendelea. Hakufika mbali.

Fundi alipofungua injini alikuta silinda hedi imepinda, gasketi imeungua, na ndani ya rejeta kuna tope la kutu. Gari hilo ndilo lililokuwa likisomesha watoto wake. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: "Mimi nilikuwa naweka kulanti nyekundu kila mara, na ikipungua naongeza maji. Kosa langu liko wapi?"

Tulilisoma swali hilo hewani, na simu zilizofuata zilituonyesha kwamba wenye jambo kama lake ni wengi. Ndiyo maana tumeandika maelezo haya, uyasome kwa utulivu na kuyahifadhi kwenye simu yako.

Maji si yanapoza? Kulanti ya nini?

Tuanze na ukweli ambao wauzaji wengi hawausemi. Maji matupu yanapoza injini vizuri sana. Kwa kubeba joto, maji yanaishinda hata kulanti yenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kutembelea maji mwaka mzima akajiona yuko salama.

Shida ya maji ni kile yanachokifanya polepole. Injini ina chuma, aluminiamu, shaba na mpira, vyote vikiguswa na maji ya moto kila siku. Maji matupu hula chuma na kuleta kutu, na huiharibu aluminiamu ambayo silinda hedi nyingi za siku hizi zimetengenezwa nayo. Kutu na chumvi hushikamana ndani ya mirija myembamba ya rejeta kama ukoko wa birika la chai. Siku ya kawaida hutaona kitu. Siku ya mzigo mkubwa na mlima mrefu, rejeta iliyoziba nusu haitoshi.

Kulanti ni mchanganyiko wa vitu vitatu: maji safi, kemikali iitwayo ethilini glaikoli, na viungo maalumu vya kuzuia kutu. Glaikoli hufanya maji yachelewe kuchemka na yachelewe kuganda. Viungo vile huweka utando mwembamba wa kulinda chuma, na katika kulanti nyingi ndivyo vinavyokwisha nguvu kwanza. Kwa hiyo kulanti inaweza kuwa bado ina rangi nzuri, imejaa hadi mstari wa juu, lakini ulinzi wake ulishakwisha.

Milima yetu na kifuniko cha rejeta

Sisi wa nyanda za juu tuna jambo la ziada la kuangalia. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka mapema, kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300. Mjini Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 100. Nafasi iliyobaki ni ndogo.

Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kile si kizibo tu. Kina springi na mpira vinavyobana mvuke, na kioevu kilichobanwa huchelewa kuchemka. Kwenye vifuniko vingi vya magari ya Japani utaona namba 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo nguvu ya kubana. Kifuniko kizima cha 1.1 kinaweza kusogeza uchemkaji wa maji hadi karibu nyuzi 120, na ukiwa na kulanti sahihi unapanda zaidi ya hapo. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, ulinzi huo wote unapotea, hata kama umenunua kulanti bora kuliko zote.

Ukinunua kifuniko kipya, nunua chenye namba ileile iliyokuwa kwenye gari lako. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu, kwa sababu presha ikizidi itatafuta pa kutokea, na mara nyingi itapasua mpira wa rejeta au rejeta yenyewe.

Na baridi je? Wenzetu wa Makete, Kitulo na Njombe wanajua asubuhi za Juni na Julai ambapo umande huganda kwenye majani. Maji yakiganda hutanuka, na yakitanukia ndani ya rejeta au injini yanaweza kuipasua. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu haigandi hadi chini ya nyuzi 30 hasi, baridi ambayo huku kwetu haipo kabisa. Kwa hiyo kwetu sababu kubwa ya kutumia kulanti ni kutu na kuchemka. Baridi inafuata nyuma.

Rangi si kipimo

Hapa ndipo msikilizaji wetu alipoteleza, na wengi huteleza naye. Kulanti yenyewe haina rangi. Rangi ni dawa inayotiwa na kiwanda ili uione inapovuja na uitofautishe na maji. Hakuna sheria ya dunia inayosema nyekundu ni ya aina hii na kijani ni ya aina ile.

Toyota nyingi za miaka ya karibuni hutoka kiwandani na kulanti ya pinki, na Honda hutoka na ya bluu. Rangi ni tofauti, lakini zote ni za jamii moja: zina viungo vya fosfeti na hazina silikati. Upande wa pili, Volkswagen ya Ujerumani iliwahi kutumia kulanti nyekundu iitwayo G12. Ukiziweka pembeni na nyekundu ya Toyota unaweza kusema ni mapacha, kumbe viungo vyake ni tofauti. G12 hiyo ya zamani ikichanganywa na ile ya kijani-bluu iliyoitangulia, G11, iligeuka kuwa uji wa kahawia ulioziba njia za maji.

Watengenezaji wa Japani wamekuwa wakiepuka silikati kwa sababu ya kulinda sili ya pampu ya maji. Wa Ulaya wengi wameepuka fosfeti kwa sababu maji ya kwao yana chokaa nyingi, na fosfeti ikikutana na chokaa hufanya ukoko. Kila mmoja ana sababu yake. Wewe kazi yako ni kuifuata sababu ya yule aliyelitengeneza gari lako.

Namna ya kuchagua

Kwanza, tafuta kitabu cha gari. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu kabisa. Angalia pia maandishi kwenye kifuniko cha rejeta au kwenye chupa ya akiba. Usipopata kitu, nenda duka la spea linaloaminika ukiwa na jina la gari, mwaka wake na namba ya injini.

Pili, soma dumu, si rangi. Kwa gari dogo la Japani tafuta maandishi yanayosema inafaa magari ya Japani au Asia, au yanayotaja kiwango cha Japani, JIS K 2234. Kiwango kingine kinachotajwa kwenye madumu kwa magari madogo ni ASTM D3306. Kwa magari ya Ulaya, dumu litaje namba ya kibali ya mtengenezaji husika.

Tatu, wenye malori makubwa ya dizeli wasichukue kulanti ya gari dogo kwa sababu ni rahisi. Injini nyingi za aina hiyo zina silinda zinazoguswa moja kwa moja na maji kwa nje. Mtikisiko wake huzalisha vipovu vidogo vinavyotoboa chuma polepole. Kulanti ya injini nzito, ambayo dumu lake huandikwa ASTM D6210, ina kinga ya jambo hilo.

Nne, angalia kama dumu limeandikwa "Concentrate" au "Ready to use". La kwanza ni kulanti kali ambayo ni lazima uichanganye na maji. La pili limeshachanganywa, na kuliongezea maji ni kulidhoofisha. Kali isitumike peke yake: ikiwa tupu hubeba joto vibaya, na huganda mapema kuliko ikiwa na maji. Nusu kwa nusu ndicho kipimo kinachofaa magari mengi.

Maji ya rangi kwenye dumu zuri

Bei ikiwa ya kushangaza, shangaa kweli. Kuna vioevu sokoni ambavyo ni maji yaliyotiwa rangi. Usionje kamwe ili kujua, kwa sababu kulanti ni sumu.

Njia moja ya nyumbani ipo, kama dumu limeandikwa wazi kwamba ni glaikoli nusu kwa nusu, yaani 50/50. Mimina kidogo kwenye kichupa cha plastiki, usikijaze, kifunge vizuri, kiandike SUMU, na ukiweke usiku mmoja kwenye friza isiyo na chakula. Friza ya kawaida hufika kama nyuzi 18 hasi. Kulanti ya nusu kwa nusu haitageuka jiwe. Ikigeuka barafu ngumu, umeuziwa maji. Isipoganda, hiyo bado si hakikisho kwamba viungo vya kuzuia kutu vimo. Kipimo hiki kinamkamata mwongo, hakimthibitishi mkweli. Kichupa hicho kisitumike tena.

Maji gani ya kuchanganyia

Usitumie maji ya kisima wala ya bomba yenye chumvi. Kama birika la nyumbani linaota ukoko mweupe, rejeta nayo itaota. Bora ni maji yaliyochujwa kwa mvuke, ambayo madukani huitwa maji ya betri. Lakini kuwa makini hapo: maduka hayohayo huuza pia asidi ya betri, na wapo wanaoiita maji. Asidi ikiingia kwenye rejeta ni maafa. Uliza, soma, kisha uliza tena.

Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa safi, baada ya mvua kuosha bati kwanza, na kuchujwa kwa kitambaa, ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi.

Kukagua kila wiki

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa mahali tambarare. Angalia chupa ya akiba: kulanti iwe kati ya mstari wa chini na wa juu. Mara moja moja fungua na rejeta yenyewe, injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta ikiwa tupu kama kifuniko ni kibovu.

Angalia pia sura yake. Kulanti nzima hupenya mwanga. Ikiwa ya kahawia kama maji ya mtoni wakati wa masika, kuna kutu. Ikielea mafuta juu, oili inaingia. Na oili ya injini ikiwa kama chai ya maziwa, maji yanaingia upande wa pili. Dalili hizo mbili za mwisho zikitokea, usiwashe gari, mwite fundi.

Jambo tunalotaka ulikumbuke kuliko yote ni hili: mfumo huu umefungwa. Kulanti hailiwi kama mafuta. Ikipungua mara kwa mara, inatoka mahali. Tafuta kwenye mipira, kwenye vibanio, chini ya pampu ya maji, kwenye mazulia ya ndani upande wa hita, au kwenye moshi mweupe mzito wenye harufu tamu. Msikilizaji wetu aliongeza maji kwa miezi. Kila lita ya maji aliyoongeza ilipunguza kulanti iliyobaki, hadi akawa anatembelea maji ya rangi. Kulanti ilikuwa inamwambia kuna tundu, yeye akawa anaifunga mdomo.

Wapo wanaoziba rejeta kwa ute wa yai, binzari au unga. Vinaweza kuziba tundu kwa muda, lakini haviwezi kuchagua. Vitaziba na mirija mizima pia.

Kubadilisha

Toyota kwa kulanti yake ya pinki ya muda mrefu huelekeza mabadiliko ya kwanza yafanyike kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Kulanti za kawaida za kizamani hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Lakini ukinunua gari lililotumika, hujui kilichomo wala historia yake. Ushauri wetu ni kuanza upya: mwaga yote, safisha, weka unayoijua, na andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi karibu na boneti.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa baridi. Fundi hufungua bomba la chini la rejeta, hukinga kulanti ya zamani kwenye beseni, kisha hupitisha maji safi hadi yatoke meupe, hita ikiwa imefunguliwa kwenye joto la juu. Maji mengine hubaki ndani ya injini. Kwa hiyo ni vizuri kuanza na kulanti kali kiasi cha nusu ya ujazo wote wa mfumo, kisha kumalizia na maji safi. Gari linalochukua lita 6, kwa mfano, litapata lita 3 za kulanti kali kwanza.

Jaza polepole ili hewa itoke. Injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi, na unaongeza kadiri inavyoshuka, hadi themostati ifunguke na mpira wa pili wa rejeta upate moto. Hewa ikibaki ndani, gari linaweza kuchemsha hata likiwa limejaa. Kesho yake asubuhi kagua tena na uongeze.

Usikubali fundi akutolee themostati "ili gari lipoe zaidi". Injini itachelewa kupata joto lake, italamba mafuta, na tatizo halisi litabaki palepale. Kama themostati ni mbovu, weka nyingine.

Likichemsha njiani

Mshale ukianza kupanda, zima AC, fungua hita yote kwenye joto, punguza mwendo, tafuta mahali salama pa kusimama. Ukiona mvuke au mshale umefika kwenye nyekundu, zima injini mara moja.

Kisha subiri. Nusu saa si nyingi, na mara nyingi inahitajika zaidi. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto kwa sababu yoyote ile, hata abiria wakikupigia kelele. Maji yaliyobanwa humo hulipuka kuwa mvuke yanapofunguliwa, na huunguza uso, macho na mikono. Injini ikishapoa kiasi cha kuweza kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono, na mpira ukiwa laini, funika kifuniko kwa kitambaa kizito na uzungushe polepole.

Usimwagie injini ya moto maji baridi, ndani wala nje. Silinda hedi inaweza kupasuka. Kama huna kulanti, maji safi ya kunywa yanafaa kwa dharura ya kukufikisha gereji. Ukifika, usiishie hapo. Tafuta kilichovuja, kisha rudisha kulanti kwenye kipimo chake.

Ni sumu yenye ladha tamu

Ethilini glaikoli ni tamu mdomoni. Mtoto, mbwa au mbuzi anaweza kuinywa kwa kupenda, na kiasi kidogo tu kinaweza kuua figo na kuondoa uhai. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji. Usiimwage chini uani, mtaroni wala karibu na kisima. Ikusanye kwenye dumu lililoandikwa SUMU, lifunge, uliweke juu, na uulize gereji kubwa iliyo karibu kama inapokea.

Mtu akiinywa, usimtapishe na usingoje dalili. Mwanzoni anaweza kuonekana kama amelewa tu, kisha hali ikageuka. Mpeleke hospitali upesi, na ubebe dumu ili daktari aone ni nini.

Pawatila na mashine ya kusaga

Wasikilizaji wengi waliuliza kuhusu injini za shambani. Injini ndogo za dizeli zenye tangi la maji la wazi juu yake hazihitaji kulanti. Zimetengenezwa ili maji yachemke na kutoka kama mvuke, nawe uyaongeze. Humo tumia maji laini na safi, yasipungue, na usafishe ukoko mara kwa mara. Lakini pawatila au trekta lenye rejeta na kifuniko cha kubana lifuate maelezo ya kulanti kama gari. Bodaboda nyingi hupozwa na upepo, hazina rejeta kabisa.

Turudi kwa msikilizaji wetu

Jibu tulilompa ni hili: rangi nyekundu haikuwa kosa lako peke yake. Kosa kubwa lilikuwa kuongeza maji bila kuuliza yaliyokuwemo yameenda wapi. Sasa injini imeshatengenezwa, na alituambia kila Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, anafungua boneti na kuangalia mstari kwenye chupa ya akiba.

Nawe, ndugu msikilizaji, kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari, fungua boneti uangalie. Ukiwa na swali, tutumie ujumbe kupitia namba ya studio kama kawaida. Safari njema.